Jinsi ya kuomba pemiti ya kazi kabla hujagusa mashine nzito ya kisima cha mafuta

Kabla hujashika spana kwenye mashine yoyote ya kisimani, pampu ya matope, winchi, au ile pampu inayoinama na kuinuka mchana na usiku, lazima uwe na pemiti ya kazi, yaani kibali cha maandishi cha kuifanya kazi hiyo. Naandika inavyoombwa maana naona vijana wanaijaza kama fomu ya likizo halafu haohao wanaenda kuingiza mikono ndani ya mashine.

Kwanza usianze na fomu, anza na mashine. Nenda usimame mbele yake ujiulize, nikishazima umeme ni kitu gani kingine bado kinaweza kuisogeza? Hapo ndo watu wanapoumia. Ile pampu inayoinama na kuinuka, ukizima mota vile vyuma vizito vya kwenye krenki (ule mkono unaozunguka) bado vinataka kushuka na upande wa pili fimbo zilizoko ndani ya kisima nazo zinavuta, kwa hiyo breka peke yake haitoshi hata siku moja, mimi nimeona kwa macho yangu breka imevutwa mpaka mwisho na krenki ikajizungusha taratibu kama robo duara, bahati hakukuwa na mtu pale chini. Weka pini ya usalama au funga minyororo. Pampu ya matope shida yake ni presha, mota imenyamaza lakini laini, yaani bomba lake, bado imejaa, na ile chupa ya chuma ya kutuliza mapigo ina naitrojeni ndani, so itoe presha yote mpaka geji isome sifuri na valvu iachwe wazi.

Ukishaona hayo ndo ujaze fomu. Andika namba ya mashine, sehemu utakayofungua, majina ya mtakaofanya kazi na saa. Ukiandika "matengenezo ya pampu" hujasema kitu, andika "kubadilisha pakingi, pampu namba 2", pakingi ni ile ya kuzuia kuvuja. Kama kuna kuchomelea au grainda hiyo ni kazi ya moto, ina pemiti yake. Kuingia kwenye tanki nayo ina yake, na gesi lazima ipimwe kwanza, oksijeni iwe kati ya asilimia 19.5 na 23.5, na ile gesi inayonuka kama mayai viza usiipime kwa pua jamani, ikifika karibu ppm 100 (sehemu 100 kwa milioni ya hewa) pua inakufa ganzi, unadhani imeondoka kumbe iko palepale.

Peleka fomu kwa msimamizi wa eneo mapema, sio dakika tano kabla ya kuanza, na umwombe mje wote mpaka kwenye mashine. Akitaka kusaini akiwa amekaa kwenye kiti mwambie kwa heshima, bosi tukaangalie kwanza.

Akishakubali, kila fundi anaweka kufuli lake pale umeme ulipokatwa, na tagi (kibandiko) yenye jina lake, na funguo inakaa mfukoni kwake, sio kwa supavaiza. Halafu jaribu kuiwasha. Isipowaka rudisha swichi kwenye kuzima, sasa ingia kazini.

Shifti ikiisha kabla kazi haijaisha, usiache pemiti mezani ukaondoka. Kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, pampu moja ilikuwa imetolewa valvu yake ya usalama na bomba likazibwa kwa muda, habari hiyo haikuwafikia watu wa usiku, pampu ya pili ilipozima wakaiwasha ile ya kwanza, gesi ikavuja ikalipuka, na walikufa watu 167. Kwa hiyo mkabidhi mwenzako uso kwa uso, mpeleke akaone kilichofunguliwa, asaini na aweke kufuli lake kabla wewe hujatoa lako.

Kufunga pemiti ni hivi, hesabu zana, rudisha gadi zote (vile vikinga vya mashine), watu watoke, kila mtu atoe kufuli lake mwenyewe, ndo msimamizi asaini. Ikitokea kufuli limebaki na mwenyewe haonekani, msilikate, mpigieni simu kwanza, na asipopokea zungukeni mashine yote, mulikeni hadi chini na nyuma yake, mpaka mjue alipo.