Jinsi ya kukokotoa mzigo wa malaria katika wilaya

Idadi ya wagonjwa peke yake hupotosha. Kinachohitajika ni miaka ya maisha iliyopotea, kwa kifo na kwa kuugua.

Anza na vifo. Kwa kila marehemu, soma kwenye jedwali la maisha (linaloonyesha, kwa kila umri, wastani wa miaka iliyobaki) miaka aliyotarajiwa kuishi bado, kisha jumlisha. Usitoe tu umri wake kwenye wastani wa maisha wa taifa. Mzee aliyeupita wastani huo angehesabiwa hakupoteza kitu.

Kisha ugonjwa: zidisha wagonjwa kwa uzito wa ugonjwa (0 ni afya kamili, 1 ni kifo), halafu kwa muda wa kuugua. Wagonjwa 1,000, uzito 0.051, siku 7 kati ya 365: takriban mwaka 1. Mtoto mmoja aliyekufa akiwa amebakiza miaka 65 anaongeza 65. Ndiyo maana kukosa kifo kimoja kunaharibu hesabu kuliko kukosa mamia ya homa.

Na vifo ndivyo hukosekana, kwa sababu wengi hufia nyumbani. Rejesta za MTUHA (mfumo wa taarifa za vituo vya afya Tanzania) hazitoshi: nendeni vijijini, ulizeni wafiwa dalili za marehemu. Kwa wagonjwa walio hai, homa isiyopimwa msiiandike malaria, na anayerudi kituoni kwa ugonjwa uleule ahesabiwe mara moja.