Gari la kuchinja: namna ya kulitafuta Dodoma kwa ajili ya gari la kujiundia

Anayejiundia gari dogo la wazi la mtindo wa Lotus Seven, lenye fremu ya mabomba na bodi ya alumini au fibaglasi, asinunue injini leo, giaboksi mwezi ujao na difu siku pesa ikipatikana. Anunue gari zima linalowaka na kutembea, kisha alichinje, yaani alifungue na kuchukua vitu vyake. Vitu vilivyotoka kwenye gari moja vinaoana: propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) inaingia kwenye giaboksi yake, kontrol boksi (kompyuta ya injini) inaijua injini, waya zinafika kwenye sensa zote. Ukikusanya vipande, kila kipande kitakudai adapta, na kila adapta ni safari nyingine kwa fundi wa kukereza vyuma.

Kikomo cha bei kitafute hivi. Uliza Gerezani na Ilala, Dar es Salaam, bei ya injini, giaboksi, difu, kontrol boksi na waya za mtumba za modeli unayoitaka, kisha ongeza usafiri wa kama kilomita 450 mpaka Dodoma. Gari zima likizidi jumla hiyo, liache. Likiwa chini yake unafaidika mara mbili, maana milango, taa, vioo na bampa utaviuza.

Mchoro wa fremu utangulie. Ukiwa nao unajua upana wa chumba cha injini, kimo kinachoruhusiwa kutoka chini ya sampu (bakuli la oili) mpaka juu ya injini, na umbali kati ya habu (kitovu cha tairi) ya kushoto na ya kulia. Watu wengi hukwama kwenye hicho kipimo cha tatu. Michoro mingi ya Seven ni myembamba, na Toyota Mark II ina karibu mita moja na nusu kutoka katikati ya tairi moja hadi la pili. Ekseli hiyo ukiifunga kwenye fremu nyembamba, matairi yanatokeza nje ya madigadi. Ama fremu ipanuliwe kwenye karatasi kabla bomba halijakatwa, ama utafute gari jembamba zaidi.

Modeli zenyewe

Seven inataka injini ya kulala kwa urefu na tairi za nyuma zinazosukuma. Kwa sharti hilo IST, Vitz, Raum na Spacio zinatoka hata kama zimejaa kila mtaa. Zinabaki Toyota Altezza, Mark II, Chaser, Cresta, Verossa na Crown.

Altezza ndiyo bora, hasa SXE10 yenye injini ya 3S-GE ya silinda nne na giaboksi ya manyuali ya gia sita. Injini ni fupi, kwa hiyo unaweza kuisukuma nyuma na uzito ukakaa katikati ya gari. GXE10 ina 1G-FE ya silinda sita kwa mstari. Ni injini tulivu na vumilivu, ila ndefu, na kwenye Seven urefu huo unakula nafasi ya miguu au unaiweka rejeta mbele mno. Mark II za GX100 na GX110 nazo hutumia 1G-FE. Hizi ni rahisi kupata kuliko Altezza na spea zake hazisumbui. Tatizo lake ni kwamba nyingi ni otomatiki. Kuhamia manyuali kunataka giaboksi, flaiwili, klachi, pedeli, silinda ya juu na ya chini ya klachi, propela nyingine na mara nyingi kontrol boksi nyingine. Mark II ya otomatiki inunue tu kama seti hiyo yote umeshaiona kwa macho na umeshaambiwa bei.

Noah ya zamani, SR40, inavutia kwa sababu 3S-FE yake inasukuma nyuma na ni injini inayosamehe. Lakini injini imekaa chini ya viti, na Noah nyingi ni otomatiki. Ukiihamishia kwenye fremu ya chini, sampu na maunti (vishikizo vya injini) zote zinabadilika. Kwa mjenzi wa kwanza siipendekezi.

Kama mchoro wako unaweka injini nyuma ya viti, mambo yanageuka. Hapo RAV4 ya kwanza yenye 3S-FE, au Corolla ya manyuali, inakufaa: unashusha sabufremu (fremu ndogo inayobeba injini) ya mbele nzima, na injini, giaboksi na draivu shafti zake, unaipeleka nyuma. Stiaringi raki haitakiwi kule, lakini ncha za zile tai rodi lazima zifungwe kwenye fremu ili tairi za nyuma zisijipindue zenyewe.

Pa kutafutia

Gari linalofaa ni lile ambalo bodi yake imeharibika na mashine yake nzima: lililobiringita, lililogongwa nyuma au ubavuni. Lililogongwa mbele liogope, kwa sababu rejeta, feni, puli na pembe ya injini ndizo zilizopokea pigo. Pita kwenye gereji za Kizota na kwenye maeneo mengine ya mafundi, uulize magari yaliyolala. Fundi bodi anajua ni mteja yupi ameshindwa gharama ya kunyoosha. Makampuni ya bima huuza mabaki ya magari yaliyolipiwa fidia, na benki hunadi yaliyokamatwa kwa mikopo. Minada ya serikali ipo mingi hapa makao makuu, ila inayouzwa huko mara nyingi ni Land Cruiser na Hilux, ambazo kwa Seven hazina kazi.

Uliza gari limeishi wapi. Dodoma ni kukavu na kutu ni kidogo, lakini tangu serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016 magari mengi yamepanda na wenyewe kutoka Dar es Salaam. Gari lililolala miaka kumi karibu na bahari lina kutu kwenye sabufremu, mabomba ya breki na nati za mikono ya chini. Bodi utaitupa, kwa hiyo kutu ya mlango isikusumbue. Ya sabufremu ikusumbue.

Kwenye simu uliza machache, kwa heshima, na usikilize majibu yanavyokuja. “Shikamoo mzee. Gari bado linawaka? Kadi ya gari iko kwa jina lako? Haiko bondi? Injini imewahi kufunguliwa?” Akisita kwenye kadi, mshukuru na uachane nalo.

Kulikagua

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji mapema asiliwashe. Beba tochi, kipimo cha kompresheni, spana ya plagi, kipande cha waya, jeki, stendi mbili na betri yenye nguvu.

Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya baridi. Maji ya kutu au ukoko mweupe maana yake gari limenyweshwa maji ya kisima bila kulanti. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, na ukoko huo huziba njia ndogo ndani ya bloku mpaka silinda za nyuma zinachemka wakati geji inaonyesha sawa. Kwenye 1G-FE, ndefu kama ilivyo, hilo ni jambo zito. Utando kama maziwa chini ya kifuniko cha oili unaashiria gasketi ya silinda hedi, na hapo ukaguzi umeisha.

Kisha toa bomba la hewa linalotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye injini, upitishe kidole ndani, upande wa baada ya filta. Vumbi jekundu likibaki kwenye kidole, injini imekula vumbi la barabara za Kondoa au Mpwapwa kwa muda mrefu, na ringi zimesagika hata kama inawaka kwa ufunguo mmoja. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kwa magari ya mikoa ya kati hakuna kinachokizidi.

Washa. Moshi wa bluu unaotoka sekunde chache na kukatika mara nyingi ni sili za valvu. Ukiendelea injini ikiwa ya moto, ni ringi. Acha ipate moto, zima, toa plagi zote, kata mafuta na umeme wa plagi, funga kipimo cha kompresheni kwenye tundu la plagi la silinda moja baada ya nyingine, mwenzako akanyage ekseleta mpaka chini na kuzungusha stata hadi mshale usimame. Andika kila silinda. Tofauti kati ya silinda isizidi baa 1. Ukilinganisha na kitabu cha injini kumbuka kwamba Dodoma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, hewa ni nyepesi, na kipimo hushuka kwa asilimia kumi hivi kuliko usawa wa bahari. Injini nzima imekataliwa mara nyingi kwa kosa hilo. Silinda ikiwa chini, mwagia kijiko cha oili, pima tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi.

3S na 1G hutumia taiming belti ya kubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwenye 3S-GE ikikatika, valvu hugonga pistoni, kwa hiyo usipopata ushahidi wa kubadilishwa, weka bei ya belti mpya kwenye hesabu yako.

Kwa Toyota za miaka ya tisini, tafuta kiboksi cheusi cha uchunguzi chini ya boneti, unganisha TE1 na E1 kwa ule waya, fungua swichi bila kuwasha, na uhesabu mimweko ya taa ya injini. Mmweko wa mfululizo ulio sawa maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. Taa isiyowaka kabisa ufunguo ukiwa umefunguliwa maana yake kuna mtu ameitoa balbu.

Endesha, hata kama ni ndani ya uwanja tu. Gia ya pili ikikwaruza ukishusha, sinkronaiza imekwisha. Difu inayolia ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia ina meno yaliyolika. Inua kila tairi, lishike juu na chini ulitikise: uchezaji hapo ni bearingi au boli jointi. Bushi za mpira zitakuwa zimepasuka kwa jua, usizihesabu. Shokapu na springi pia usizihesabu, kwa sababu zilibebeshwa gari la kilo zaidi ya 1,300 na Seven yako itakuwa karibu nusu ya hapo. Breki za gari hilo, kwa uzito wa Seven, zitatosha na kubaki.

Karatasi

Namba ya chesisi ya gari la Japani huanza na modeli, mfano GX110 au SXE10, kisha namba. Isome kwenye chuma chenyewe, kwenye ukuta kati ya injini na kabini, na si kwenye kibati pekee, halafu ilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Namba ya injini nayo. Kibati kipige picha, kwa kuwa kina herufi na namba za giaboksi na ekseli utakazozihitaji ukiagiza spea. Angalia deni la faini kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani kwa namba ya gari. Andikishaneni mkataba wa mauziano kwa wakili, na uhamishe umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla ya kukata chochote.

Nenda TRA na kwa mkaguzi wa magari wa polisi na mchoro wako mkononi, uulize gari jipya litaandikishwaje, kwa sababu kubadili bodi, rangi au injini lazima kuandikishwe. Usikate kile kipande chenye namba ukakichomelea kwenye fremu mpya. Huko ni kuchezea utambulisho wa gari, na gari linaweza kukamatwa likiwa limekamilika.

Kulipeleka nyumbani

Otomatiki usiivute tairi za nyuma zikiwa chini, giaboksi hukosa oili ikaungua. Ipakie kwenye bredauni au toa propela kwanza. Kabla ya kufungua nati yoyote, piga picha chumba cha injini pande zote, na kila plagi ya waya uipe karatasi yenye jina. Toa mfumo wa waya mzima bila kukata hata mmoja, na dashi, swichi ya ufunguo, funguo zote, kontrol boksi, boksi la fyuzi na relei zake. Chukua kolamu ya usukani na jointi zake, pedeli, kebo za hendibreki, pampu ya mafuta, mota ya waipa na maunti za giaboksi. Nati weka kwenye mifuko kwa sehemu. Ganda liuzie wa vyuma chakavu baada tu ya gari jipya kuwaka, maana kipo kibraketi kimoja utakachokirudia.