Unaenda Kisumu kwa wikendi ya mbio za ramani? Zingatia haya kabla

Watu wa huku kwetu miguu tuko nayo, hio haina ubishi, na ndio maana mtu akialikwa orientaringi, yaani hizi mbio za kutafuta vituo kwa kutumia ramani, anadhani kazi ni kukimbia tu. Kazi ni kusoma ramani huku unakimbia, na hizo ni vitu mbili tofauti kabisa, kwa sababu ukifika Kisumu Ijumaa jioni kama ramani hujaizoea, Jumamosi utatoka mbio kali sana na uelekee pahali si penyewe. Mazoezi ya barabarani endelea nayo, lakini wiki ya mwisho kaa chini na ramani.

Kama ulifanya jiografia sekondari unakumbuka zile ramani za mtihani za 1:50,000, sentimita moja ni nusu kilomita. Sasa hizi za mbio fupi za mjini kwa kawaida ni 1:4,000, sentimita moja ni mita 40 peke yake, kwa hivyo mtu akishaona kituo kiko mbali kidogo kwa karatasi anafungua mbio na anakipita bila kujua. Chukua ramani yoyote ya aina hii, tembea nayo mtaani kwenu, ikunje ibaki sehemu unayotumia, weka kidole gumba pale ulipo na kila ukipinda kona zungusha karatasi ndio kaskazini ya ramani ibaki inaangalia kaskazini ya ukweli. Fanya pole pole mpaka mkono uzoee wenyewe.

Rangi nazo usizikisie. Nyeupe si uwanja, nyeupe ni miti ambayo unaweza kukimbia katikati yake, uwanja wazi ndio wa manjano, na kijani inavyozidi kukolea ndivyo pahali panazidi kuwa pagumu kupita. Kuna ile ya zeituni, hio ni marufuku kukanyaga, ni kwa watu au ni maua ya watu. Mstari mweusi mnene ni ukuta usiovukwa, na hapa ndio wageni wengi wanaumia, kwa sababu unafika unakuta ni kaukuta kafupi ka kufika kiunoni na mguu unakuambia ruka. Usiruke. Kwa mbio za mjini sheria inafuata kile ramani inasema, haijali kama wewe unaweza, na ukivuka unaondolewa kwa matokeo. Ua wa kayaba pia utauona kwa kijani iliyokolea kabisa, na huo hata bila sheria hautakuacha salama na ile miiba yake. Kwa majengo angalia vizuri tofauti ya kijivu: ile iliyokolea ni jengo lenyewe, ile nyepesi ni pahali pamefunikwa juu lakini chini panapitika, kama baraza za maduka, na mara nyingi njia fupi iko hapo hapo.

Vituo vyenyewe ni vile vibendera vya machungwa na nyeupe, na kila kimoja kina nambari yake, kuanzia 31 kwenda juu. Linganisha hio nambari na karatasi yako ya maelezo, ile imeorodhesha vituo vyako, kabla uchomeke chipu (kale kadude ka elektroniki unakobeba ka kurekodi vituo ulivyofika) kwa kifaa cha kituo, kila mara, hata kama una haraka namna gani, kwa sababu kibendera cha kosi ingine, yaani njia waliyopewa wengine, kinaweza kuwa kimewekwa karibu kabisa na chako. Chipu ifutwe rekodi za zamani na ikaguliwe kabla ya kuanza, ukifika kituo ngoja usikie mlio au uone taa, ndio uende. Ukikosa kimoja tu, mbio yako yote haihesabiki.

Sasa dira. Hii watu wanaidharau sana na mimi naiona kama kitu cha kushughulikia mapema kuliko hata viatu. Dira nyingi tunazopata ni za kuazima au za mtumba kutoka Ulaya, na kule sumaku ya dunia inavuta ncha ya kaskazini ya sindano kuelekea chini, kwa hivyo watengenezaji wanaweka kauzito upande wa kusini ndio isawazike. Ukiileta hapa kwetu ikweta ule uzito hauna tena wa kushindana naye, upande wa kusini unashuka, sindano inagusa kioo na inakwama, na wewe unaiamini tu. Ijaribu nyumbani: ishike sawa mkononi, mbali na simu na geti ya chuma, jizungushe mzima pole pole na uone kama sindano inacheza bila kusita. Kama inakwama tafuta nyingine iliyosawazishwa kwa upande wetu wa dunia.

Hio inaingiana na mbio za bustani, kwa mfano zikiwekwa upande wa Maseno, ambapo ikweta inapita kabisa. Usitegemee jua saa sita mchana, linakuwa karibu juu ya kichwa, na mwezi wa sita liko upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili liko kusini, kwa hivyo ile ya kusema jua liko huku basi kusini ni huku itakupoteza. Vaa soksi ndefu, lantana inakwaruza vibaya na siafu wakikupata na soksi fupi utasimama utake usitake.

Mbio za mjini nazo zinafaa sana Jumapili asubuhi mapema, maduka mengi ya katikati yakiwa yamefungwa na Oginga Odinga Street imepoa, lakini upande wa Kibuye usidhani hivyo, Jumapili ndio soko lenyewe limejaa. Saa haisimami ukivuka barabara, na boda na tuktuk hawajui kama uko mashindanoni. Simama, angalia, vuka, sekunde tano hizo utazipata kwa kuchagua njia nzuri. Na ukipita mbele ya soja wa geti au mama anayepanga nyanya, salimia hata kama unahema, maana mtu anayekimbia na karatasi akichungulia vichochoro anashtua watu, na ukarimu wao ndio utafanya turuhusiwe tena. Nambari ya kifua ionekane. Simu isitumike kutafuta njia. Wenyeji wa Kisumu pia, eneo la mbio likishatangazwa msiende kulipima kabla, na ukimaliza usimwonyeshe ramani yako mtu ambaye hajaanza.

Kitu kimoja naomba kila mtu akichukulie kwa uzito: hata ukichoka, ukapotea, ukaamua umeacha, lazima upite finishi chipu isomwe. Ukienda zako hotelini kuoga kimya kimya, kuna watu wa kujitolea watabaki kwa jua au kwa mvua wakikutafuta vichakani wakidhani umeumia. Hio si haki kwao.

Hali ya hewa, wale wanatoka Nakuru na Eldoret jueni mnashuka, Kisumu iko kama mita 1,131 tu juu ya bahari, pumzi itakuwa nyingi lakini joto litawamaliza, anzeni kunywa maji siku moja kabla. Alasiri ngurumo huja haraka, na radi za Magharibi si za mchezo, ikianza toka chini ya miti na uingie kwa jengo. Chandarua cha kulalia uliza mapema kule utakapolala, kanda ya ziwa malaria iko juu.

Jioni ya Jumamosi ndio tamu yenyewe, watu wanaenda Dunga, kule ufuoni mwa ziwa, samaki na ugali mezani, ramani zinatandazwa kando ya sahani na kila mtu anachora kwa kalamu njia aliyopitia. Usikose hio hata kama umekuwa wa mwisho, hapo kwa meza ndio utajua aliyekushinda alipita wapi. Beba kalamu ya rangi na pesa kidogo ya mkononi, mtandao wa M-Pesa ukikwama usiwe mzigo kwa wenzako. Lakini miguu iliyochoka usiende kuitia ziwani, kichocho iko kwa hayo maji na viboko wako karibu, oga kwa bomba. Na kiti cha matatu cha kurudi Jumapili kishike mapema, matokeo yakisomwa saa nane kila mtu anakimbilia stendi wakati mmoja.