Kabla Hujachapa Lebo: Mambo ya Kuzingatia Kuhusu Alama ya Biashara

Kwanza kabisa, acha kujifariji kwamba "jina nimeshasajili BRELA, nimemaliza." Hujamaliza. Swali ni umesajili nini. BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni wa Tanzania, inasajili mambo mengi chini ya paa moja: kampuni, majina ya biashara, leseni za viwanda, hataza (haki za uvumbuzi), na alama za biashara na huduma, yaani majina na nembo zinazotambulisha bidhaa au huduma ya mtu. Cheti cha jina la biashara kinaonyesha tu nani anafanya biashara kwa jina gani. Hakikupi nguvu ya kumzuia mtu asilibandike jina hilohilo kwenye bidhaa zake. Nguvu hiyo inatoka kwenye Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, yenye ombi lake, ada zake na cheti chake. Namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya halmashauri, alama ya ubora ya TBS, msimbo wa mistari kwenye kifungashio: vyote vina kazi yake, na hakuna hata kimoja kinacholinda jina.

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo tukae kidogo. Chukua mfano wa mama anayesaga unga wa lishe Morogoro. Anaanza na stika za kuchapa steshenari, anauza mtaani, miaka inapita, jina linakubalika. Msambazaji wa Dar es Salaam anamchukulia mzigo kila wiki. Oda zinapokua anaachana na stika, anakwenda kiwandani kuagiza mifuko iliyochapwa. Kiwanda kinachonga silinda za uchapaji, moja kwa kila rangi, na hakipokei oda ndogo. Anakopa, analipa. Wakati huohuo msambazaji ameingia kwenye mfumo wa usajili wa mtandaoni na kuliombea jina lile, kwa jina lake mwenyewe, kama alama ya biashara ya unga. Msajili wa BRELA anapekua daftari la alama. Halina jina linalofanana, kwa kuwa mama hakuwahi kuomba. Ombi linakubaliwa na kutangazwa kwenye Jarida la alama. Kuanzia siku ya tangazo zinahesabika siku 60 za pingamizi, yaani muda wa mwenye malalamiko kulipinga ombi. Mama hajui hata kama jarida hilo lipo. Siku zinakwisha, cheti kinatoka, na haki inarudi nyuma hadi tarehe ya kuwasilisha ombi. Anachokiona yeye ni barua ya wakili inayomtaka aache kutumia jina alilolianzisha mwenyewe.

Je, amekwisha? Si lazima. Aliyetangulia kutumia jina anaweza kuomba usajili ule ufutwe, na anaweza kumshitaki anayejipatia wateja kwa jina la mwenzake. Lakini mzigo wa ushahidi uko kwake. Mahakama itauliza: ulianza lini, uliuza wapi, kiasi gani, nani anakujua? Daftari la mikopo lisilo na tarehe halijibu maswali hayo. Yanajibiwa na risiti za mashine ya kodi ya EFD, ankara ya mchapaji, picha za lebo zenye tarehe, oda za maduka, vyeti vya maonesho ya Sabasaba na Nanenane. Na hata ukiwa navyo vyote, kesi inakula muda na fedha, na silinda zenye jina linalogombewa zinalala stoo. Wengi huishia kubadili jina na kuanza kuwatafuta wateja upya, wakati ombi la alama lingegharimu sehemu ndogo tu ya ile bei ya mifuko.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: chagua jina, pekua, wasilisha ombi, ndipo uchape.

Katika kuchagua, epuka maneno yanayoieleza bidhaa yenyewe. "Asali Safi" au "Unga Bora" hayasajiliki kirahisi, kwa sababu kila muuza asali ana haki ya kusema asali yake ni safi. Majina ya mahali nayo yana matatizo yaleyale. Neno la kubuni, au neno la kawaida lisilohusiana na bidhaa, ndilo lenye nguvu. Najua mtu wa masoko atakwambia jina lijieleze lenyewe. Mwambie hiyo ni kazi ya maneno madogo yanayokaa chini ya jina.

Kupekua usiishie kutafuta jina lilelile herufi kwa herufi. Msajili anaangalia pia yanayokaribiana kwa sauti na sura. Kubadili "k" kuwa "c" au kuongeza "h" hakukuokoi.

Halafu madaraja. Bidhaa na huduma zote zimegawanywa katika madaraja 45 ya mfumo wa kimataifa uitwao Nice: 1 hadi 34 ni bidhaa, 35 hadi 45 ni huduma. Kwa Tanzania Bara kila daraja ni ombi lake, na ukikosea daraja umelipia ulinzi wa kitu usichouza. Mitego ipo. Asali, unga, chai na viungo viko daraja la 30. Siagi ya karanga iko 29. Karanga mbichi ambazo hazijasindikwa ziko 31. Sabuni na vipodozi ni 3, nguo ni 25, mgahawa ni 43, na duka la kuuza bidhaa za watu ni 35. Mtu mmoja mwenye meza moja sokoni anaweza kuhitaji matatu. Kama fedha haitoshi, anza na lile linalokuingizia mauzo mengi, kisha lile ambalo mshindani angelikimbilia.

Na cheti hakivuki mpaka. Disney waliomba "Hakuna Matata" huko Marekani mwaka 1994, wakasajiliwa mwaka 2003 kwa ajili ya nguo. Mwaka 2018 watu walipandwa na hasira mtandaoni, lakini usajili ule haukumgusa muuza fulana wa Nungwi, Zanzibar. Ubaya ni kwamba kanuni hiyohiyo inakubana na wewe: cheti cha BRELA hakifiki hata hapo Unguja. Zanzibar ina sheria yake na msajili wake, BPRA. Kenya unaomba kwa msajili wa huko, KIPI, na Uganda kwa URSB. Tanzania imo kwenye Itifaki ya Banjul ya ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, inayoruhusu kuombea nchi kadhaa kwa ombi moja, ila mawakili wengi bado wanashauri usajili wa moja kwa moja kwa Bara. Kama mzigo wako unavuka mpaka wa Namanga au Tunduma, omba usajili katika nchi unakokwenda kabla ya kumtafuta wakala wa kukuuzia huko.

Ombi liandikwe kwa jina la nani? Kama ni kampuni, kwa jina la kampuni. Usimwachie mbia, shemeji, wala kijana aliyekusaidia kujaza fomu kwa kuwa yeye ndiye mwenye akaunti. Mchora nembo asaini karatasi ya kukuhamishia haki zote za mchoro, na akupe faili la asili. Jina liombee kwanza kwa herufi za kawaida, bila rangi wala mapambo. Nembo ifuate kama ombi la pili. Nembo hubadilika, jina hubaki.

Alama ya ® usiiweke kabla ya cheti. Kudai usajili usiokuwepo ni kosa. Kabla ya hapo tumia ™.

Ukishapata cheti, kwa Bara usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Andika tarehe mahali utakapoiona. Alama isiyotumika miaka 3 mfululizo inaweza kuombewa kufutwa, kwa hiyo usihodhi majina. Ukihama ofisi, badilisha anwani kwenye rekodi, maana pingamizi na notisi zinakwenda kwenye anwani ya zamani na siku zinaendelea kuhesabika. Pitia Jarida kila linapotoka, au mlipe mtu alipitie. Ukikuta bidhaa bandia zenye alama yako, nunua moja, chukua risiti, kisha nenda Tume ya Ushindani, FCC, ukiwa na cheti mkononi. Usianze kugombana na muuza duka, ataficha mzigo.

Chukua pia kikoa (anwani ya tovuti) cha .co.tz na akaunti za mitandao siku ileile unayowasilisha ombi. Mkataba na msambazaji useme wazi jina ni la nani. Na barua au barua pepe inayokudai ada ya "rejesta ya kimataifa" usiyoijua, mara nyingi mara tu baada ya alama yako kutangazwa, usiilipe kabla hujaiuliza BRELA.