Jinsi ya kupima balansi ya mzee akiwa ameketi

Mama yangu ana miaka 71. Mwaka jana nilimwona amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi, bega kaliegemeza ukutani. Zamani alikuna nazi tatu mfululizo huku anapiga soga, mgongo haugusi kitu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Tanga, na siku ile ile nikaanza kumpima.

Kipimo chenyewe kimetokana na kile cha kusimama ambacho Pamela Duncan na wenzake walikitangaza Marekani mwaka 1990. Cha kuketi kinataka stuli isiyo na mgongo wala mikono, na futi ya kamba ya fundi cherehani. Usitumie kitanda, godoro linabonyea. Nyayo zote zikanyage sakafu, magoti yakunjike kama pembe ya meza.

Bandika futi ukutani, ilale sawasawa, usawa wa bega lake akiwa ameketi. Akae ubavu ukutani bila kuugusa. Anyooshe mkono wa upande huo mbele, akunje ngumi. Soma namba iliyo sambamba na kifundo cha kidole cha kati. Kisha mwambie, "Mama, fika mbali uwezavyo, makalio yasinyanyuke, usijishike popote." Soma tena, toa namba ya kwanza kwenye ya pili. Mara mbili za kwanza ni za kujaribu tu. Tatu zinazofuata ziandike, utafute wastani.

Halafu mgeuze, ukuta uwe nyuma yake, afikie kulia na kushoto. Hapa ndipo ninapotazama kwa makini zaidi. Mbele mama alifika sentimita 33. Kushoto, mara tu uzito ulipohamia kalio moja, vidole vya miguu vilijikunja kushika sakafu na mkono wa pili ukaruka kutafuta stuli. Sentimita 14. Kulia alifika 19.

Piga goti mbele yake, mikono yako karibu lakini isimguse. Ukimshika, unapima nguvu zako.

Dada yangu wa miaka 46 alifika 42 mbele, ila usikimbilie kusema tofauti ile yote ni umri: ana kiwiliwili kirefu kuliko mama. Umri unauona kwa kumpima mtu yule yule tena na tena, kila baada ya miezi mitatu, stuli ile ile, saa ile ile. Saa nasisitiza, maana dawa za presha huweza kuleta kizunguzungu.

Uzee hupunguza sentimita polepole. Akianza ghafla kulalia upande mmoja, mdomo ukapinda au maneno yakawa mazito, acha futi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Namba za mama nimeziandika nyuma ya daftari lake la kliniki. Kushoto sasa ni 16, baada ya miezi sita ya kuokota maharage kwenye ungo niliomwekea ubavuni. Mbuzi tumeisogeza katikati ya ua.