Somo: Kunasa kinachovuruga Wi-Fi ya 2.4 GHz bila kuonekana kwenye skana

Programu ya simu inayoorodhesha Wi-Fi za majirani huona ruta tu. Maikrowevu au kamera ya analogi isiyo na waya haitangazi jina, hivyo orodha yaweza kuwa tupu huku chaneli imejaa. Dawa ni kupima muda ambao chaneli imeshikwa.

Tumia ruta yenye OpenWrt (mfumo huria wa kuendeshea ruta) au laptopu ya Linux iliyounganishwa na Wi-Fi hiyo. Draiva ya ath9k (ya kadi za Wi-Fi za Atheros) hutoa namba zote tunazohitaji.

1. Funga ruta kwenye chaneli 1, 6 au 11, upana MHz 20. Ukiiacha ijichagulie, itahama katikati ya kipimo.

2. Andika `iw dev wlan0 survey dump` (badilisha wlan0 kama kadi yako ina jina jingine). Soma sehemu yenye "in use". Subiri sekunde 60, rudia, kisha toa namba za kwanza kutoka kwenye za pili. Ni milisekunde.

3. Katika tofauti hizo, chukua busy (muda chaneli imeshikwa), toa receive (muda wa kupokea Wi-Fi), toa transmit (muda wa kutuma). Mfano: 33000 − 9000 − 4000 = 20000. Theluthi ya dakika imeliwa na nishati ambayo ruta haikuitambua kama Wi-Fi.

4. Tazama pia noise (kiwango cha kelele, kwa dBm; namba ni hasi, ikikaribia sifuri kelele ni kubwa zaidi). Mawimbi yasiyo ya Wi-Fi yakiwa chini ya takriban dBm −62 hayahesabiwi kwenye busy, lakini bado yanaharibu pakiti. Noise ikipanda kutoka −95 hadi −85, umepoteza dB 10 za tofauti kati ya mawimbi yako na kelele.

5. Zima kifaa kimoja kimoja, ukipima kila mara. Usisahau diski ya USB 3.0: kebo yake humwaga kelele kwenye bendi hii hii. Isogeze mbali na antena.

Swali: Mkuu, busy ipo juu, ila receive nayo ipo juu.
Jibu: Hiyo ni Wi-Fi kwenye chaneli yako: kama vifaa vyako mwenyewe vimetulia, ni ya jirani. Mnapokezana zamu, kuongeza nguvu ya kutuma hakukupi zamu zaidi. Hama chaneli.

Swali: Maikrowevu nitaijuaje?
Jibu: Kwa umeme wa Hz 50 hutuma karibu milisekunde 10, hunyamaza 10. Pima ikichemsha maji, kisha ikiwa imezimwa.

Swali: Majirani wapo 1 na 6. Nikae 3?
Jibu: Hapana, ndugu. Chaneli zinaachana MHz 5 tu, hivyo utawagonga wote wawili na pakiti zao utazisikia kama kelele. Nenda 11, ikiwa nayo imejaa, kaa 1 au 6, yenye busy ndogo.