Jinsi makamishna wa JSC Kenya wanavyopatikana, na mahali raia anapoweza kusikika

Kabla jaji yeyote wa Kenya hajaapishwa, jina lake hupita kwanza mikononi mwa watu 11 wa Tume ya Huduma za Mahakama, JSC. Rais hajichagulii majaji; Kifungu cha 166 cha Katiba ya 2010 kinamtaka afuate mapendekezo ya tume hiyo. Mwaka 2019 JSC ilipendekeza majaji 41, Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuwateua. Juni 2021, mmoja wao akiwa ameshafariki, aliteua 34 na kuwaacha sita, ambao waliapishwa Septemba 2022 chini ya Rais William Ruto. Vuta nikuvute hiyo ilifuatiliwa na nchi nzima, lakini ni wachache waliouliza makamishna wenyewe waliingiaje. Mimi ni wakili, na huwasaidia wananchi kupeleka maoni Bungeni wateule wanapotangazwa. Hivi ndivyo ninavyowaelekeza.

Hatua ya 1: Jua kiti kinajazwa na nani

Fungua Kifungu cha 171. Jaji Mkuu, ambaye ndiye mwenyekiti, na Mwanasheria Mkuu huingia kwa vyeo vyao. Majaji wa Mahakama ya Juu humchagua mwenzao mmoja, na wa Mahakama ya Rufaa vivyo hivyo. Chama cha majaji na mahakimu huchagua jaji mmoja wa Mahakama Kuu na hakimu mmoja. Mawakili, kupitia chama chao, LSK, huchagua wawili. Tume ya Utumishi wa Umma hupendekeza mmoja. Wawili waliobaki huwakilisha wananchi, na hao hawaruhusiwi kuwa wanasheria. Msajili Mkuu wa Mahakama ni katibu tu, si mmoja wa hao 11.

Usiruke hatua hii. Nimeona watu wakiandika barua nzuri kwa Rais kumpinga mtu aliyechaguliwa kwa kura na mawakili, na barua hiyo haina pa kwenda.

Hatua ya 2: Weka kalenda

Ukimwacha Jaji Mkuu na Mwanasheria Mkuu, kila kamishna hukaa miaka 5 na anaweza kurudi kwa kipindi kimoja tu. Vipindi havianzi siku moja. Tafuta tarehe aliyoapishwa, jumlisha miaka 5, kisha anza kujiandaa miezi kadhaa kabla.

Hatua ya 3: Kama wewe ni wakili, jaji au hakimu

Angalia jinsia kwanza. Wawakilishi wa mawakili lazima wawe mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, kila mmoja akiwa na tajriba ya angalau miaka 15. Vivyo hivyo kwa jaji wa Mahakama Kuu na hakimu: mmoja akiwa mwanamume, mwenzake ni lazima awe mwanamke.

Halafu muulize wakili anayegombea swali ambalo wengi huona haya kuuliza: je, utaendelea kusimamia kesi mbele ya majaji? Jaji wa Mahakama Kuu anayetaka kupanda hadi Mahakama ya Rufaa atahojiwa na tume hiyohiyo ambayo wakili huyo ameketi. Asiyekuwa na jibu la wazi kuhusu mgongano huo hastahili kura yako.

Hatua ya 4: Kama wewe ni raia wa kawaida

Nafasi yako kubwa iko kwenye viti vile viwili vya umma. Rais huteua mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, lakini ni lazima Bunge la Kitaifa liwaidhinishe. Wateule hupigwa msasa na kamati ya Bunge, na sheria inataka umma ujulishwe saa na mahali pa kikao angalau siku 7 kabla. Ukingoja tangazo ndipo uanze kutafuta ushahidi, wiki hiyo itakuponyoka.

Malalamiko ya mdomo au ujumbe wa simu hayatoshi. Unahitaji hati ya kiapo, iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo (wakili aliyeruhusiwa kuapisha watu, si kamishna wa JSC) na kupelekwa kwa Karani wa Bunge. Huanza hivi: "Mimi, fulani, mkaazi wa kaunti fulani, mwenye kitambulisho nambari kadha, naapa na kusema yafuatayo." Baada ya hapo weka aya zenye nambari, kila aya jambo moja.

Ukiandika "mteule huyu ni mtu wa wanasiasa na hafai", kamati haina la kushika. Andika badala yake: "Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya basari katika wadi yetu. Niliona mteule akiidhinisha malipo haya. Nakala ya muhtasari wa kikao imeambatishwa, alama A1." Sema ulichokiona mwenyewe, na ambatisha karatasi.

Elekeza hoja zako kwenye mambo matatu ambayo sheria inaitaka kamati iyaangalie: utaratibu uliotumika kumpata mteule, masharti ya Katiba na sheria, na kama uwezo na uzoefu wake unaifaa kazi. Hilo la kwanza husahaulika mno. Unaweza kuuliza nafasi ilitangazwa wapi, na nani wengine walifikiriwa.

Anayemuunga mkono mteule naye aandike. Kamati ikisikia upande mmoja tu, itaamua kwa upande huo.

Hatua ya 5: Usilale baada ya jina kutoka

Mwaka 2018 majaji wa Mahakama ya Rufaa walimchagua Jaji Mohamed Warsame, jina lake likapelekwa Bungeni kupigwa msasa. Kesi ilifika Mahakama Kuu, na mwaka 2019 ikaamuliwa kwamba aliyechaguliwa na wenzake hahitaji idhini ya Bunge. Kwa hiyo, ukiona mshindi wa kura ameitwa mbele ya kamati, una uamuzi wa kuegemea.

Na kamishna akishaapishwa kisha akavunja Katiba au akafanya utovu mkubwa wa nidhamu, Kifungu cha 251 kinamruhusu mtu yeyote kuomba aondolewe. Ombi hilo hupelekwa Bunge la Kitaifa, si kwa JSC yenyewe, na lazima lieleze matukio yanayodaiwa.